Miwani ya Bibi Harusi Ilikuwa Kwenye Mkoba Wangu

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na kwanza naomba usinicheke, maana swali langu ukilisikia juu juu ni la saluni tu: mtu anayevaa miwani asukwe mtindo gani ili apendeze? Mimi mwenyewe ni msusi, nina miaka ishirini kwenye kazi hii, nina saluni yangu ya viti vitatu na wateja wanaonifuata tangu hawajaota mvi hata moja, kwa hiyo utajiuliza huyu msusi mzima anayeuliza gazeti habari za kusuka ana nini. Ngoja nikueleze, na nikishaanza nivumilie, maana nimekaa na jambo hili miezi kumi bila kumwambia mtu.

Nina mdogo wangu wa kike, tumezaliwa wawili tu, na mama yetu alipofariki mimi ndiye niliyemlea, nikamwogesha, nikamsuka, nikampeleka shule. Alianza kuvaa miwani akiwa darasa la nne, miwani mizito yenye fremu ya kahawia iliyomfunika nusu ya uso, na mtu wa kwanza kumcheka hakuwa mtoto wa shule, nilikuwa mimi dada yake. Nilimpa jina la Darubini. Jina likashika, likatoka nyumbani likafika darasani, mpaka leo wako watu wazima na akili zao wanaomwita hivyo, naye anaitika huku anatabasamu, na mimi kila nikilisikia najua lilitoka kinywani mwa nani.

Sasa kwenye kazi yetu, Mshauri, mteja mwenye miwani akikaa kitini jambo la kwanza anavua. Lazima avue, kwa sababu mikono ya miwani inapita juu ya masikio na sisi ndipo tunapopitisha chanuo. Basi anavua, anaishika mapajani, na kuanzia hapo kioo kiko mbele yake lakini anachokiona ni ukungu mtupu, na sisi tunagawa, tunasuka, tunabana, tunapulizia, tukimaliza tunamwambia, "Haya, vaa ujione." Hapo ndipo anapojua kilichompata. Nimefanya hivyo miaka yote na sikuwahi kuona kasoro.

Mwaka jana mdogo wangu akapata mchumba. Yeye ni mwalimu wa hesabu, mchumba ni fundi umeme, kijana mtulivu, na mama yake ni mkunga mstaafu, mama wa maneno machache anayejiheshimu na anayetaka kuheshimiwa. Mdogo wangu akaja saluni wiki moja kabla ya harusi akaniambia, "Dada, nataka nywele zirudi nyuma zote, zibanwe kisogoni, masikio yabaki wazi. Miwani yangu nitavaa."

Nikamwambia, "Bibi harusi na miwani? Picha hizo zitakaa ukutani mpaka wajukuu!"

"Sasa si ndivyo nilivyo?"

"Siku moja tu, Darubini. Siku moja huwezi kukaa bila hiyo miwani?"

Akanyamaza. Ndivyo alivyo, ukimsukuma ananyamaza, na mimi nikauchukua ukimya wake nikaufanya ndiyo.

Siku yenyewe nikamweka kitini tangu asubuhi, akavua miwani kama kawaida, nikafanya kazi kwa muda wa saa nne bila kupumzika. Nilimjazia nywele juu ya masikio yote mawili, kila upande fungu kubwa kama ngumi, na mbele nikamshushia nyingine zifunike paji la uso mpaka zikagusa nyusi, na pini zilizoingia pale sidhani kama zilipungua hamsini. Alipendeza, Mshauri, sitasema uongo hapo. Nikamwambia vaa ujione, akavaa, na miwani ikagoma. Mkono mmoja ulipanda juu ya fungu la nywele, mwingine haukuingia kabisa, ikakaa puani upogo, na nywele za mbele zikajibana nyuma ya vioo. Tulicheka kwanza, wote wawili. Halafu akasema, "Dada, haiingii. Nifumue hapa masikioni tu." Nje gari lilikuwa linapiga honi, mpiga picha amesimama mlangoni, nami nikaiangalia kazi yangu ya saa nne nikashindwa kuigusa. Nikamwambia, "Nitakushika mkono, leo mimi ndiye macho yako." Nikamvua miwani kwa mkono wangu huu, nikaitumbukiza kwenye mkoba wangu pamoja na pini zilizobaki.

Tulipofika ukumbini mdogo wangu akabaki garini akisubiri kuitwa, mimi nikatangulia, na mama mkwe akanijia. Alikuwa amemchungulia mdogo wangu dirishani mwa gari. Akasema, "Mkwe wangu amependeza mno. Na ile miwani yake iko wapi?" Mshauri, sijui kilichonipata. Niliona kama nikisema ukweli watasema tumewapa mke asiyeona, na pia, niseme tu, sikutaka mtu ajue kwamba nywele zangu ndizo zilizomzuia kuvaa. Nikajibu bila hata kumeza mate, "Mama, siku hizi kuna lenzi zinavaliwa ndani kabisa ya jicho. Anaona kuliko mimi na wewe."

Akafurahi. Akasema, "Haya ndiyo maendeleo."

Bibi harusi alipoingia nilimshika mkono kama nilivyoahidi, lakini katikati ya ukumbi mpiga picha akanipungia nitoke, nilikuwa naharibu picha, nikamwachia nikakaa pembeni. Mshereheshaji akatangaza kwamba bibi harusi sasa atamkumbatia mama yake mpya. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele, amefungua mikono. Pembeni yake alisimama wifi yake, dada wa marehemu mumewe, amevaa gauni la zambarau lile lile ambalo wanawake wote wa upande ule walishonewa, na wanawake hawa wawili walikuwa na miaka tisa hawasemeshani, ukoo mzima unajua. Mdogo wangu akaja taratibu akitabasamu, akaipita mikono ya mama mkwe, akamkumbatia yule wifi. Tena alimkumbatia kwa moyo wote, akalaza kichwa begani, akasema kwa sauti, "Asante mama kwa kunipokea." Ukumbi ukaguna, kuna waliocheka. Mama mkwe akaishusha mikono yake, akaweka kilemba chake sawa, akakaa.

Mimi nilikuwa hatua tano tu kutoka pale nimekumbatia mkoba.

Kesho yake mdogo wangu alienda kupiga magoti. Akasema, "Mama, nisamehe, sikukuona, sikuwa na miwani." Mama mkwe akamjibu, "Usiniongezee uongo juu ya dharau, mwanangu. Najua ulivaa nini machoni." Akamfungia mlango. Mdogo wangu akaja kwangu mbio, "Dada, eti anajua nilivaa nini machoni, ana maana gani?" Hapo ndipo ningesema, Mshauri, mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikamwambia, "Wazee hao, wana maneno yao, zitapoa tu hasira."

Hazijapoa. Huu mwezi wa kumi mama mkwe hajakanyaga nyumbani kwao. Mume wa mdogo wangu amemweleza mama yake mara mia kwamba mkewe haoni bila miwani, mama anamjibu, "Na wewe umeshalishwa maneno," basi naye amechoka, siku hizi anakwenda kumsalimia mama yake peke yake, akirudi chakula wanakula kimya. Mdogo wangu amekonda. Anasema ukweli kila siku na anaitwa mwongo kila siku, na hajui kwa nini.

Sasa wiki mbili zijazo mama mkwe anafanyiwa sherehe ya kutimiza miaka sabini. Juzi mdogo wangu alikuja akakaa kwenye kile kiti, akavua miwani, akaniambia, "Dada, nisuke kama siku ile ya harusi. Nitakwenda bila miwani. Nimefikiri sana, labda ni hii miwani hakuipenda tangu mwanzo, labda inanifanya nionekane namtazama kwa kiburi. Safari hii sitakosea. Nitamuuliza mume wangu mama amekaa wapi, halafu nitahesabu hatua."

Nilimwambia umeme hauko sawa, aje siku nyingine. Nikaingia choo cha nyuma nikalia.

Na kuna lingine, nalo nilimalize kabisa. Miezi mitatu sasa daktari wa macho ameniandikia miwani hata mimi. Njia za nywele sizioni vizuri karibu, wiki iliyopita nilimgawa mteja nywele njia ikaenda kombo, alipouliza nikamwambia huo ndio mtindo wa sasa. Miwani yangu iko kwenye droo chini ya vitana, naivaa nikishafunga mlango. Naogopa mdogo wangu akiiona atanicheka. Hapana, naogopa kwamba hatanicheka. Najua atafurahi na kunisaidia kuchagua fremu nzuri zaidi, na hilo ndilo siwezi kulivumilia.

Basi ndiyo maana nauliza: kuna mtindo gani wa nywele unaokubaliana na miwani, nimsuke apendeze kweli kweli, mama mkwe amwone na miwani yake ampende, na mambo haya yaishe bila mimi kulazimika kusema neno? Inawezekana?

Wako,
Msusi mwenye aibu

*

Msusi mwenye aibu,

Haiwezekani.

Nimelijibu swali lako la mwisho kwanza ili usiendelee kusoma ukiwa na matumaini ya bure. La nywele nitalijibu, lakini litasubiri, kwa sababu ulilitanguliza mlangoni makusudi ili nisione kilicho nyuma yake. Mimi navaa miwani tangu nina miaka kumi na mbili, mwanangu. Naona.

Nikuambie kwanza ambacho hakinisumbui. Kumsuka bibi harusi mtindo ulioupenda wewe badala ya alioutaka yeye ni kiherehere cha madada, nusu ya maharusi duniani wamepitia hapo. Kuishikilia kazi yako ya saa nne kuliko macho ya mwenzio ni majivuno ya fundi, nayo ni mabaya, lakini yangeisha siku ile ile kwa kicheko. Hata kumwachia mkono katikati ya ukumbi nakusamehe, wapiga picha ni watu wa amri. Na nakuonea huruma pia, sikatai. Ulimlea mtoto bila mama, siku hiyo ulitaka ukoo mpya usipate pa kumnyooshea kidole, ukaingiwa na hofu mbele ya mama wa watu. Hilo naelewa.

Ila siku iliyofuata hukuwa na hofu ya ghafla. Mdogo wako alikuja kwako mbio na swali, nawe jibu ulikuwa nalo mdomoni, ukamwambia wazee wana maneno yao. Na keshokutwa yake, na mwezi uliofuata, mpaka leo. Mama wa watu hana kosa hata moja, aliambiwa na dada wa damu kwamba binti anaona, angemwamini nani tena? Wewe ndiye uliyempa sababu ya kumwita mdogo wako mwongo, kisha ukakaa pembeni ukimtazama anavyokonda. Halafu unaniletea habari za mtindo! Mtu uliyemwogesha na kumpeleka shule sasa anapanga kuhesabu hatua ili aende kukumbatiwa, na unataka nikuchagulie pini.

Sasa nisikilize. Usingoje sherehe. Mtu haombwi radhi mbele ya keki yake ya miaka sabini, utamwaibisha mara ya pili na utakuwa umejifanya wewe ndiye mgeni rasmi. Nenda wiki hii.

Anza na mdogo wako, na umfuate kwake. Saluni kwako hapana, huko wewe ndiye mwenye chanuo na yeye ndiye asiyeona. Mkute amevaa miwani yake. Usianze na "unajua jinsi ninavyokupenda", huo ni mlango wa kutorokea. Anza na ile lenzi: ulimwambia nini mama mkwe, pale mlangoni mwa ukumbi, na kwa nini. Mwambie na hili la kuulizwa ukakwepa, maana hilo ndilo litakalomuuma zaidi, na akiligundua baadaye peke yake utakuwa umempoteza. Jina la Darubini liombee radhi hapo hapo, ulizike wewe uliyelizaa. Nadhani atanyamaza. Safari hii usiuchukue ukimya wake ukaufanya ndiyo. Kaa, subiri, na akikuambia uondoke, ondoka.

Kisha nenda kwa mama mkwe. Muulize mdogo wako kama anataka mwende pamoja. Akikataa nenda peke yako, lakini akuazime ile miwani yake. Piga magoti kama alivyopiga yeye, useme hivi, wala usiongeze chumvi: "Mama, siku ile nilikudanganya. Hakuvaa lenzi yoyote. Miwani yake ilikuwa kwenye mkoba wangu, kwa sababu nilimsuka nywele zilizoizuia. Alikuwa hakuoni, na mimi nilijua." Halafu mwombe aivae ile miwani mwenyewe, kidogo tu, aone chumba kinavyogeuka maji. Huyo ni mkunga, mwanangu, amewapokea wanadamu wakiwa hawajaona kitu bado. Akishajua jinsi macho ya mkwewe yalivyo hatahitaji maneno yako mengi.

Labda atakufukuza. Akikufukuza toka kwa heshima, na ukiwa njiani furahi kidogo, kwa sababu angalau amefukuzwa anayestahili.

Na hiyo miwani yako iliyolala chini ya vitana, kesho asubuhi ivae kabla hujafungua saluni, uwapokee wateja ukiwa nayo usoni. Hao wanaokuja kwako wakivua zao kwa aibu wataona kwamba na msusi anayo. Yule uliyempeleka njia kombo mwite umrekebishe, umwambie macho ndiyo yaliyokosea, mtindo wa sasa hauhusiki. Na mdogo wako akitaka kukusaidia kuchagua fremu, utavumilia. Hiyo ndiyo adhabu yako, nami siipunguzi.

Haya, nywele. Mwenye miwani umpe nafasi masikioni: nywele za hapo ziwe nyembamba na zilale, pini isikae inapopita mikono ya miwani, wala kusiwe na fungu linaloisukuma. Ukitaka wingi na urefu, viweke utosini au kisogoni, kule havigombani na mtu. Paji la uso liache wazi, fremu nzito ni pambo tosha la uso, ukizidishia nywele mbele unamfungia mtu dirisha. Kwa kifupi, zirudi nyuma zote, zibanwe kisogoni, masikio yabaki wazi. Rudia kuisoma barua yako uone nani alikuambia maneno hayo, wiki moja kabla ya harusi, bila hata kuwa msusi.

Siku ya sherehe atakapokuja kukaa kwenye kiti chako, kama bado atataka mikono yako kichwani mwake, na nadhani atataka, usimwache gizani mpaka mwisho kama mlivyozoea kazini kwenu. Ukimaliza upande mmoja, simama. Mpe miwani yake avae, ajitazame. Muulize, "Unaona?" Na usilishike chanuo tena mpaka akujibu.

Mshauri wako